Meza ya Mzee Magamba: Taa Inawaka, Mbona Mjusi Anatetemeka?

Barua za mwezi huu zimeniletea chatu, pogona (yule mjusi mwenye ndevu), kinyonga na kobe, na zote zinauliza habari za taa za UVB, yaani zile zinazotoa mionzi isiyoonekana iliyomo kwenye jua, ambayo ngozi huitumia kutengeneza vitamini D. Kwa wasomaji wapya: mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, nimefuga wanyama wa magamba tangu kabla sijaota mvi, na makosa mengi ninayoyakemea hapa nimeyafanya mwenyewe. Kosa moja, lililo kubwa kuliko yote, mtalisoma hapa chini.

Shikamoo Mzee. Nina chatu wa kike wa aina ile ndogo inayojikunja kama mpira ikiogopa. Ana miaka minne. Anakula panya vizuri, anajivua gamba zima kama soksi, hana tatizo lolote. Sijawahi kumwekea taa ya UVB kwa sababu aliyeniuzia alisema nyoka ni wa usiku, hahitaji. Juzi mpwa wangu alikuja kunitembelea, akachungulia kizimba, akasema namtesa. Tangu siku hiyo sina raha. Nani mkweli?
*Mjomba Aliyesutwa*

Marahaba, ndugu yangu. Wote wawili wana kipande cha ukweli, ila mpwa wako ametumia neno kubwa mno.

Nianze na muuzaji. Nyoka humeza panya mzima: ini, mafuta, mifupa, vyote. Ndani ya ini na mafuta mna vitamini D3, na mifupa ndiyo kalsiamu yenyewe. Ndiyo maana chatu wengi wamezaliwa, wakakua na kutaga wakiwa mikononi mwa watu bila kuona UVB hata siku moja, na mifupa yao haikupinda. Mjusi anayekula wadudu hana bahati hiyo, kwa kuwa mdudu ana kalsiamu kidogo sana. Kwa hiyo anayekwambia chatu wako atapooza kesho kwa kukosa taa anakutisha bure.

Lakini kusema "hahitaji" ni kufunga mlango mapema. Mwaka 2008 watafiti waliwawekea nyoka wa mahindi, aina nyingine ya nyoka wafugwao, taa ya UVB kwa wiki nne, kisha wakapima damu. Vitamini D ilikuwa imepanda waziwazi kuliko ya wenzao waliokaa bila taa hiyo. Basi ngozi ya nyoka, magamba na yote, inaijua kazi. Mwaka 2013 wengine wakafanya jaribio la namna hiyo kwa chatu wa aina yako hasa, na damu haikuonyesha tofauti ya maana. Wapenzi wa taa hukutajia jaribio la kwanza, wapinzani hukutajia la pili. Mimi nakutajia yote mawili, halafu nakwambia ninachofanya kwangu: naweka taa, lakini dhaifu.

Sababu yangu naiona kila asubuhi. Nina nyoka wa mahindi mwenye miaka 11. Taa yake hujiwasha yenyewe saa moja. Dakika ishirini za kwanza huoni kitu ila gome la mti na matandiko. Kisha chini ya gome unachomoza mkunjo mmoja wa mwili, upana wa vidole vitatu hivi, kichwa kikiwa bado gizani. Mkunjo ule unakaa kwenye mwanga nusu saa, pengine zaidi, halafu unarudishwa ndani taratibu kama mtu avutavyo shuka. Siku nikiizima UVB nikaacha taa ya joto peke yake, hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba anatafuta vitamini. Huenda anatafuta joto tu. Ninachokiona ni kwamba mnyama tunayemwita wa usiku anatoa kipande cha ngozi juani kwa hiari yake, na huko porini jua hilo lina UVB ndani yake.

Mwaka 2010 Gary Ferguson na wenzake walichapisha vipimo vya mwanga ambao mijusi na nyoka hukaa ndani yake porini, huko Jamaica na kusini mwa Marekani, wakawapanga wanyama hao katika kanda nne. Kanda ya kwanza ni ya wanaojificha mchana na kutoka jioni, ya nne ni ya wale wanaojianika jua la utosini. Chatu wa aina yako kwa kawaida huwekwa kanda ya kwanza, ambako wastani wa fahirisi ya UV haufiki hata 1. Ni fahirisi ile ile unayoisikia kwenye utabiri wa hali ya hewa. Ukimwekea taa ya mjusi wa jangwani utakuwa umemtoa kivulini kwa nguvu.

Kwa hiyo: tyubu ya UVB iliyoandikwa 5.0 au 6% (ndiyo alama ya nguvu yake), iliyofungwa juu, ifunike nusu ya kizimba isifike nusu ya pili. Maficho mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, yote mawili yenye giza la kweli. Iwake kwa muda wa saa 12, izimwe kwa muda wa saa 12. Kama chatu wako ni alibino au wa zile rangi zilizopauka, punguza zaidi, maana ngozi na macho yake havina rangi ya kumkinga. Na kama kizimba chako hakina thamostati ya uhakika, kile kifaa cha kudhibiti joto, acha habari za taa kabisa kwa sasa. Anza na hiyo thamostati. Chatu asiyepata joto haimeng'enyi chakula, na taa ya UVB haitamsaidia kwa hilo.

Mpwa wako msalimie. Mwambie mnyama anayeteswa ni yule aliyewekewa taa kali akakosa pa kujificha.

Mwalimu, pogona wangu ana miezi sita. Nilimnunulia tyubu ya UVB siku ile ile niliyomleta, inawaka kutwa nzima. Wadudu wake nawapaka unga wa kalsiamu kila siku. Lakini wiki hii vidole vyake vinatetemeka, na akitembea tumbo linaburura. Nimekosea wapi? Tyubu iko juu ya mfuniko wa kioo, inang'aa vizuri.
*Dada Mwenye Mjusi*

Dada yangu, kabla hujamaliza kusoma jibu hili, mpeleke kwa daktari wa wanyama. Kutetemeka vidole ni dalili ya kalsiamu kushuka kwenye damu, na mjusi mdogo anaweza kufika kwenye degedege haraka. Usimnyweshe dawa ya kubahatisha nyumbani. Barua nitaendelea nayo ukiwa kwenye foleni.

Kosa lako umelitaja mwenyewe bila kujua, katika sentensi ya mwisho. Kioo. Kioo cha kawaida hupitisha mwanga unaouona na huzuia karibu UVB yote. Tyubu yako inang'aa kweli, lakini inamng'aria mfuniko.

Usijilaumu kupita kiasi, nami nilipita hapo hapo. Iguana wangu wa kwanza tulimwita Bwana Mkubwa, kwa jinsi alivyokuwa akitutazama. Nilimjengea sanduku zuri, kioo juu, tyubu juu ya kioo. Nilikuwa nafundisha sura ya mwanga darasani, urujuanimno na yote, kisha narudi nyumbani naketi mbele ya sanduku lile bila kuunganisha mambo hayo mawili. Mwezi wa tisa nilikuwa namlisha jani kwa mkono. Akaling'ata, nami nikalivuta kidogo kwa mchezo kama kawaida. Taya la chini likanifuata. Lilipinda kama mpira wa ndala, likarudi. Sitaisahau hisia ile vidoleni. Kwa daktari, picha ya eksirei ilionyesha kucha na chakula tumboni vizuri kuliko mifupa. Mifupa ilikuwa kama moshi. Alipona, akaishi miaka mingine sita, lakini mgongo ulibaki na nundu hadi alipokufa.

Hapa mwalimu wa zamani atajitokeza kidogo, mnivumilie. Ndani ya ngozi ya mjusi kuna kitu cha jamii ya kolesteroli. Mionzi ya UVB, ile iliyo kati ya nanomita 280 na 315, hasa karibu na 297, ikikigonga, kinageuka kuwa D3 changa. Changa hiyo hukomazwa na joto la mwili, kwa muda wa saa kadhaa. Ndiyo maana mjusi aliye na taa nzuri lakini amepoa hafaidiki vya kutosha, na ndiyo maana taa ya joto na tyubu ya UVB ziangaze sehemu moja, juu ya jiwe lile lile. D3 iliyokomaa hupita kwenye ini, kisha kwenye figo, na mwisho wa safari ndiyo inayouruhusu utumbo kuchukua kalsiamu. Wewe umempa kalsiamu kila siku. Imepita tumboni ikatoka na kinyesi, kwa sababu hapakuwa na wa kuifungulia mlango.

Utaniuliza: kwa nini basi nisinunue unga wenye D3 ndani, nikaachana na taa? Kwa chatu wa barua ya kwanza, mawindo yake tayari yana D3. Kwa pogona sikushauri. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010 kwa pogona wachanga lilionyesha kwamba D3 ya kinywani haikuweza kuwafikisha kwenye kiwango walichofikia wenzao waliopewa UVB kwa saa mbili tu kwa siku. Tena ngozi ina breki: D3 changa ikizidi, mionzi ile ile huigeuza kuwa vitu vingine visivyodhuru. Kinywa hakina breki. Unga ukizidi kwa miezi, kalsiamu huanza kujijenga pasipo mahali pake, kwenye figo na kuta za mishipa. Ukiwa na taa nzuri, tumia kalsiamu tupu siku nyingi, na ile yenye D3 mara chache tu kama daktari atakavyokupangia.

Sasa rekebisha. Ondoa kioo, weka wavu wa chuma, au bora zaidi funga tyubu ndani ya kizimba chini ya wavu, mahali asipoweza kuirukia. Wavu nao hula mwanga. Kutegemea ulivyosukwa, theluthi hadi nusu ya UVB hubaki juu. Pogona ni wa kanda ya tatu, kwa hiyo jiwe la kuotea litafute fahirisi ya 3 hadi 5, na upande wa pili wa kizimba pawe sifuri. Tyubu za T5, zile nyembamba kama kidole cha mwanamke, zina nguvu kuliko T8 nene za zamani. Ya 10% au 12% yenye bati la kuakisi nyuma yake, ikining'inia sentimita 30 hadi 40 juu ya mgongo, kwa kawaida inatosha. Soma boksi lakini usiliamini moja kwa moja. Asilimia iliyoandikwa haikwambii ni mwanga kiasi gani unafika chini.

Anayekwambia ni kipimo. Kuna kifaa cha mkononi kiitwacho Solarmeter 6.5 kinachosoma fahirisi ya UV. Bei yake si rahisi, na sisi wafugaji watano tunamiliki kimoja kwa zamu. Siku tulipokipata nilikiweka juu ya jiwe la mjusi wangu: 3.6. Nikaingiza kipande cha kioo cha dirisha katikati: 0.0. Nikakiondoa kioo: 3.6. Nikarudia mara nne kama mtoto, mwenzangu akicheka, mimi namkumbuka Bwana Mkubwa.

Tyubu nayo huchoka. Mwanga wa macho unabaki ule ule huku UVB ikipungua mwezi hadi mwezi. Kama huna kipimo, badilisha T8 kila miezi sita na T5 kila mwaka. Siku unapoifunga, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye ncha ya tyubu. Usiitegemee kumbukumbu yako, mimi yangu siitegemei.

Niandikie daktari amesema nini. Hili ni ombi, si adabu ya barua.

Mzee, kinyonga wangu amefumba macho siku ya tatu leo. Anapanda matawi kwa kupapasa. Nilimbadilishia taa Jumamosi, nikanunua balbu ile iliyosokotwa, ya UVB kali, nikaiweka ubavuni ili imwone vizuri. Je, ni maambukizi?
*Fundi wa Usiku*

Umejiita fundi, basi nitakueleza kifundi. Umewahi kumwona mtu wa kuchomelea vyuma asiyevaa miwani, usiku anaamka na macho kama yamemwagiwa mchanga? Ndicho alichonacho kinyonga wako, kwa dalili unazonipa. Konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, imeungua na mionzi.

Zima balbu hiyo leo. Mwache na mwanga wa kawaida na joto lake. Macho mengi hufunguka yenyewe ndani ya siku chache, lakini mnyama asiyeona hali wala hanywi, na kinyonga hukauka upesi, kwa hiyo mnyunyizie maji majani yaliyo karibu na mdomo wake. Yasipofunguka kesho kutwa, au ukiona uvimbe au usaha, ni kwa daktari, kwani kweli inaweza kuwa maambukizi au upungufu wa vitamini A, nami siyaoni macho yake kutoka hapa mezani.

Balbu za msokoto zina historia mbaya. Miaka ya 2000 baadhi yake zilitoa mawimbi mafupi kuliko yale ya jua, na mijusi wengi walifumba macho kama wako. Za siku hizi nyingi zimerekebishwa, lakini nguvu yake imekusanyika mahali pamoja, kando ya balbu ni kali mno na nusu mita mbele hamna kitu. Kosa lako la pili ndilo kubwa: ubavuni. Jua hutoka juu. Wanyama hawa wana kope, matuta juu ya macho na vichwa vilivyochongwa kuzuia mwanga wa juu. Mtazame kinyonga wako akifumbua: jicho limekaa ndani ya pia ya ngozi, tundu dogo tu ndilo wazi. Taa ya ubavuni inaingia moja kwa moja kwenye tundu hilo.

Weka tyubu juu ya kizimba, kwa urefu, na matawi yapangwe ngazi kwa ngazi ili tawi la juu kabisa lisikaribie taa kuliko sentimita 20 au zaidi, kutegemea kipimo. Majani mengi katikati. Mwenyewe atachagua: imethibitishwa kwamba vinyonga walio na upungufu wa D3 hukaa kwenye mionzi muda mrefu zaidi, na walioshiba hujitoa. Kazi yako ni kumpa nafasi ya kujitoa.

Shikamoo Babu. Nina kobe na miaka 12, yaani mimi ndiye nina miaka 12. Kobe sijui. Mama anasema akikaa dirishani jua linamtosha, tusinunue taa. Pia nataka kumpeleka nje ndani ya tangi la kioo la samaki ambalo halina samaki. Ni sawa?
*Mjukuu wa Kobe*

Marahaba mjukuu wangu. Dirishani, hapana. Msomee mama jibu la pogona hapo juu: kioo kinampa kobe joto na mwanga, UVB inabaki nje. Usimsomee kwa sauti ya ushindi.

Nje, ndiyo, tena ni bora kuliko taa yoyote niliyowahi kufunga. Ila ndani ya tangi la kioo, hapana kabisa, hata dakika kumi. Tangi kwenye jua hugeuka tanuri, na kobe hana njia ya kukimbia. Mtengenezee uzio wa mbao usioona ng'ambo, kwa sababu akiona ng'ambo atausukuma mchana kutwa. Nusu ya uzio iwe na kivuli. Sahani ya maji isiyo na kina. Kaa naye, maana mbwa na ndege wakubwa nao wana macho. Siku za baridi au mvua nyingi zikija, taa juu ya kizimba chake ndani ya nyumba itahitajika, hapo mwambie mama taratibu.

Na akikupotea kwenye nyasi usilie kwanza. Anza kumtafuta pembezoni, kwenye kona za uzio na kando ya ukuta. Kobe hupenda kutembea akifuata ukuta.